Kobe bapa: gamba laini, vyeti na nyufa za mawe

SWALI: Naishi Hamburg. Nimepata mtu anayeuza kobe bapa, yule wa miambani kwetu Tanzania na Kenya. Nilipombonyeza mgongoni, gamba lilibonyea. Je, ni mgonjwa? Nimnunue?
M.S.

JIBU: Kubonyea pekee si ugonjwa. Gamba la kobe huyu (Malacochersus tornieri) ni jembamba na mifupa yake ina matundu. Kimo chake ni sentimita 3 au 4 tu, na urefu ni kama 17. Akiona adui hajikunyati. Hutimua mbio hadi kwenye ufa wa jabali akajibana humo. Lakini ulaini huohuo huficha upungufu wa kalisi (madini yanayoimarisha mifupa), kwa hiyo usimpime kwa kidole. Tazama taya: likiwa linapinda, au miguu ikitetemeka, au akiburuza tumbo badala ya kujiinua, anahitaji daktari anayejua reptilia.

Kuhusu kununua, anza na makaratasi. Tangu 2019 kobe huyu yumo katika Kiambatisho cha Kwanza, orodha yenye ulinzi mkali zaidi, cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na Umoja wa Ulaya humpa ulinzi wa daraja la juu kabisa. Muuzaji lazima akuoneshe cheti cha Umoja wa Ulaya kinachoruhusu kuuzwa kwa kobe huyohuyo, pamoja na picha za gamba au namba ya chipu ya utambulisho iliyo mwilini mwake. Linganisha mistari ya gamba na picha, mgongoni na tumboni. Ukishamchukua, mwandikishe kwa mamlaka ya hifadhi ya mazingira ya eneo lako. Jike hutaga yai moja tu kwa mara moja, nalo huchukua miezi mingi kuanguliwa. Basi mtu mwenye kobe kumi wakubwa wa bei rahisi, wasio na tarehe ya kuanguliwa, kwa maoni yetu anauza walioibwa porini. Ondoka.

Kama vyeti ni safi, kobe mmoja apewe kizimba kisichopungua sentimita 120 kwa 60, chenye kuta ndefu, maana hupanda kama mjusi. Panga mawe bapa yaache nyufa za sentimita 5 hivi, uyagandishe kwa gundi ya silikoni. Mawe yaliyopangwa tu huporomoka, na gamba hili halihimili uzito. Chini ya taa ya kuotea joto pawe nyuzi 35, upande wa pili 25, na usiku zishuke hadi 20. Taa ya UVB (miale kama ya jua, inayomsaidia kutumia kalisi) isipitie kioo, kwa sababu kioo huzuia miale hiyo. Ibadilishe kila mwaka hata kama bado inawaka.

Chakula ni majani makavu, magugu yasiyopuliziwa dawa, majani na maua ya haibiskasi, na mpungate ulioondolewa miiba. Spinachi huzuia mwili kupata kalisi, matunda huharisha, na nyama asipewe kamwe. Mwachie kipande cha mfupa wa dome atafune. Mpime kwa mizani ya jikoni kila wiki. Madume wawili usiwaweke pamoja: hung'atana.

SWALI: Watoto wameleta kobe bapa nyumbani kutoka kilimani. Tumfuge?
N.K., Kitui

JIBU: Hapana, mama. Sheria ya Wanyamapori ya Kenya ya 2013 hairuhusu kumweka bila kibali. Kama amechukuliwa leo, watoto waoneshe ufa wenyewe, naye arudishwe hapohapo, si kilima kingine. Kama amekaa na kuku au kobe wengine, usimwachie: huenda amebeba magonjwa. Piga simu ofisi ya KWS (Shirika la Wanyamapori la Kenya) iliyo karibu. Wakati mkisubiri, awe ndani ya boksi lenye matundu, kivulini, na maji kwenye kisahani. Na yeyote akija kijijini na jeki ya gari kupanua nyufa, ripotini upesi. Jabali likipasuliwa, ufa ule haurudi, na kobe waliobaki hukosa pa kujificha.