Muulize Shangazi: Popo wa Timbwani na Safari ya Bunge

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi ni kijana wa Timbwani, Likoni, na nia yangu ni kugombea uMCA, yaani ujumbe wa bunge la kaunti, mwaka 2027. Shida ni kwamba siwezi kumtukana mtu kwa ajili ya chama. Wapinzani wakileta jambo zuri, nalisifu mbele za watu. Wenzangu maskani wameshanibatiza jina la popo, si ndege si mnyama. Binamu yangu aliye Marekani ananiambia huko wako wabunge wa majimbo wa namna hii, wenye msimamo wa wastani, na baadhi yao wamefika mbali. Ni kweli? Na hapa Mombasa mtu kama mimi ataambulia kitu? — Kijana wa Timbwani

JIBU: Marahaba, mwanangu. Binamu yako hakukudanganya, ila amekusimulia nusu. Waliofika mbali wapo. Wapo pia walioangushwa, na mara nyingi aliyewaangusha si mpinzani, ni chama chao wenyewe.

Kabla sijaenda mbali, tupime kazi yenyewe. Bunge la jimbo la Marekani lina nguvu kuliko hili letu la kaunti: linatunga sheria za jinai, linapanga kodi na mambo ya shule. MCA wa Mombasa anahusika na zahanati, masoko, chekechea, mitaro, leseni za biashara, bajeti ya kaunti na kumwangalia gavana asiteleze. Feri ya Likoni haimo, hiyo inaendeshwa na serikali ya kitaifa. Kwa hivyo ukipanda jukwaani Likoni ukaahidi feri mpya, wa kwanza kukuzomea ni mimi.

Haya, tuje kwa watu. Olympia Snowe wa jimbo la Maine, wa chama cha Republican, aliingia bunge la jimbo mwaka 1973 akishika kiti cha mumewe aliyekufa kwa ajali ya gari. Alikuwa na umri wa miaka 26. Akapanda hadi seneti ya jimbo, kisha Bunge la Wawakilishi kule Washington, mwisho Seneti ya taifa. Mwaka 1999 wenzake wa chama walipotaka kumng'oa Rais Clinton, yeye alipiga kura ya kumwachia. Watu wa Maine waliendelea kumchagua. Alipotangaza mwaka 2012 kwamba hagombei tena, alilaumu mgawanyiko wa vyama bungeni. Aliondoka kwa miguu yake.

Lisa Murkowski yeye alianzia bunge la jimbo la Alaska. Alishakuwa seneta wa taifa mwaka 2010 chama chake kilipomwangusha kwenye mchujo, yaani kura ya kuchagua mgombea wa chama. Angeweza kwenda nyumbani kulia. Badala yake aligombea bila jina lake kuchapishwa kwenye karatasi ya kura, wapiga kura wakawa wanaliandika wenyewe kwa mkono. Jina Murkowski! Hata mimi hapa nimelikagua mara mbili. Akashinda.

Rusty Bowers hakubahatika hivyo. Huyu alikuwa spika wa bunge la chini la Arizona, na sikwambii alikuwa mtu wa katikati, alikuwa mhafidhina kwelikweli. Kosa lake ni kukataa kusaidia kupindua matokeo ya urais ya 2020. Juni 2022 akatoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la taifa, Agosti akashindwa mchujo wa kiti cha seneti ya jimbo. Mpinzani wa chama kingine hakuhitaji hata kunyanyua kidole.

Umeona mahali penye mwiba? Mchujo hupigiwa kura na wachache, na wachache hao ndio wakali wa chama. Anayependwa na mtaa mzima anaweza kukataliwa na ukumbi mmoja. Alaska waliliona hilo. Mwaka 2020 wakapitisha mchujo wa wazi: wagombea wote kwenye karatasi moja, wanne wa juu wanaendelea. Baada ya uchaguzi wa 2022, maseneta 17 kati ya 20 wa jimbo hilo waliunda muungano wa vyama vyote viwili.

Sisi bado hatujafika huko. Hapa kwetu chama chenye wimbi kikikupa tiketi, watu huanza kukuita mheshimiwa kabla ya kura. Ndiyo maana nakushauri: kama unaingia chama, kajue mapema nani anaandika daftari la wanachama wa wadi yako na mchujo utafanywaje. Kelele za jukwaani utazipata tu. Ukiona mlango huo umefungwa, Katiba inaruhusu mgombea binafsi, mradi usiwe mwanachama wa chama chochote kwa angalau miezi mitatu kabla ya uchaguzi, na uungwe mkono na wapiga kura 500 wa wadi yako. Timbwani 500 hawakushindi, lakini anza kubisha hodi sasa.

Na hilo la popo lisikuumize, ila lisikupumbaze pia. Barack Obama alipokuwa seneta wa jimbo la Illinois alibonyeza kitufe cha "nipo", si ndiyo wala si hapana, zaidi ya mara 100, na mwaka 2008 wapinzani wake wakamchapa nalo. Lakini ni yeye huyohuyo aliyekaa na polisi na waendesha mashtaka mpaka wakakubali mahojiano ya washukiwa wa mauaji yarekodiwe, na mwaka 2003 seneti nzima ikapitisha bila kura ya kupinga. Kazi ya mtu wa katikati ni hiyo ya pili. Nilipokuwa nikipiga taipu kumbukumbu za madiwani enzi za manispaa, walioongea sana walinijazia kurasa, na mmoja mpole aliyesoma makadirio ya bajeti usiku ndiye aliyepata taa za barabarani mtaani kwake. Wengine walibaki kuuliza zimetoka wapi.

SWALI: Shangazi, hao wabunge wa majimbo wanalipwa kama wetu? — Msomaji, Changamwe

JIBU: Inategemea jimbo. New Hampshire, bunge la chini lina watu 400, kila mmoja dola 100 kwa mwaka. Ndiyo, kwa mwaka. Texas ni dola 7,200 pamoja na posho ya siku za vikao. California wanapokea zaidi ya dola 100,000. Palipo na malipo madogo hukuta wastaafu wengi na wenye biashara zao. Usiwasomee MCA wetu hii, watagoma.

SWALI: MCA wetu amepiga kura na upande wa pili kwenye bajeti. Majirani wanasema kiti kimekwenda. — Mama wa Kongowea

JIBU: Hakijaenda, dada. MCA aliyechaguliwa kwa tiketi ya chama hupoteza kiti akikihama, au akihesabiwa kisheria kuwa amekihama, kwa mfano kwa kukipigia debe chama kingine. Kura moja ya bajeti si kuhama. Chama chake kinaweza kumkaripia au kumwondoa kwenye kamati, hayo ni yao. Kama unataka kujua kwa nini alipiga hivyo, vikao vya bunge la kaunti viko wazi kwa wananchi, kifungu cha 196 cha Katiba. Chukua kitambulisho, nenda ukae pale juu umsikilize, kisha akitoka muulize.