Mizani, kikopo na mwezi wa pili: kwa mnaoanza kliniki ya TB

Mgonjwa wa TB ya mapafu anapoanza dawa, ndugu zake watakuuliza swali moja tu: "Daktari, atapona?" Wengi wenu mtakimbilia picha ya kifua ili mpate jibu. Picha ya siku ya kwanza inaonyesha ugonjwa umefika wapi. Unaelekea wapi, hilo utakuja kuliona kwenye vitu ambavyo hakuna anayevigombania kliniki: mizani, kikopo cha makohozi, na maswali unayouliza kila mwezi.

Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa na mzee mmoja, mkulima wa mpunga. Alianza dawa akiwa na kilo 47, kapimwa miguu mitupu. Mwisho wa mwezi wa pili mizani ikasoma 49 na nusu. Nilifurahi, nikaandika kwenye kadi, nikampongeza. Alipoondoka, sista akaniambia taratibu, "Mzee katoka shambani moja kwa moja. Umempima na gambuti na koti la mvua." Nikajisemea nitarekebisha mwezi ujao. Mwezi ujao foleni ilifika nje ya geti. Mwezi wa tano makohozi yake yakatoka na plasi mbili, yaani vimelea bado vilionekana kwa wingi kwenye hadubini. Hapo ndipo tukampima sukari, kipimo alichostahili kupata siku ya kwanza: ilikuwa 19, juu sana. Kwa miezi yote ile mzee alikuwa akikonda ndani ya gambuti, na mimi ndiye niliyekuwa nikiandika kwamba ananenepa. Matibabu yalihesabiwa kuwa yameshindwa, akaanza upya.

Kisukari huongeza hatari ya kuugua TB karibu mara 3, na huchelewesha vimelea kuisha kwenye makohozi. Basi pima sukari mapema, na umpime mtu uzito bila viatu, bila koti, bila simu na funguo mfukoni. India, katika jimbo la Jharkhand, utafiti uliochapishwa 2023 uliwafuatilia wagonjwa 2,800 waliopewa chakula pamoja na dawa. Walioongeza asilimia 5 ya uzito kufikia mwezi wa pili walikuwa na hatari ya kufa iliyo ndogo kwa asilimia 61. Kwa mzee wangu, asilimia 5 ni kilo 2 na kidogo. Gambuti na koti vinatosha kuificha.

Sasa mwezi wa pili wenyewe. Utafiti mwingine, wa Marekani na Kanada, uliotolewa 2002, uliangalia mambo mawili: je, mapafu yalikuwa na matundu mwanzoni, na je, vimelea bado vinaota maabara baada ya miezi miwili? Katika kundi lililotumia rifampisini na isoniazidi, dawa mbili kuu za TB, wenye yote mawili, karibu 21 kati ya 100 ugonjwa uliwarudia au dawa zilishindwa. Wasio na hata moja walikuwa karibu 2. Sababu inaeleweka: kwenye tundu vimelea ni vingi mno, na dawa hupenya kwa shida. Hadubini peke yake haitofautishi kimelea hai na mfu, kwa hiyo plasi moja mwezi wa pili si hukumu. Ni sababu ya kuagiza kipimo cha usugu wa vimelea kwa dawa siku hiyohiyo na kuuliza dawa zinamezwaje nyumbani. GeneXpert, mashine ya kutambua TB, nayo husoma vinasaba hata vya vimelea vilivyokufa, kwa hiyo msiitumie kupima maendeleo ya matibabu.

Na kabla ya kushangilia jibu hasi, fungua kikopo utazame. Maji maji yenye povu ni mate. Mate hayana habari ya mapafu. Mpeleke mgonjwa nje penye hewa, asukutue kinywa, avute pumzi ndefu mara mbili tatu, akohoe kutoka chini kabisa. Kazi ya dakika tano, lakini nimeona "hasi" nyingi zilizokuwa mate matupu.

Kwa mwenye VVU mambo hugeuka. Makohozi yanaweza kuwa hasi na picha ikaonekana karibu safi, huku mtu yuko hatarini kweli, hasa wiki za mwanzo. Msimwite mgonjwa mwepesi kwa sababu ya picha.

Halafu kuna waliopona. Vimelea vimekwisha lakini pafu limebaki na makovu, na njia za hewa zimetanuka. Wanarudi na kikohozi, wanaanzishiwa dawa za TB tena bila ushahidi. Hao huwa nawauliza swali moja kila wanapokuja: "Unafika wapi kwa miguu bila kupumzika?" Mama mmoja alinijibu mara ya kwanza, "Naishia kwenye mwembe, daktari." Miezi mitatu baadaye alikuwa anafika bombani, kisha sokoni na kapu lake. Yote nimeyaandika pembeni ya kadi. Juzi kasema amerudi bombani. Homa hana, uzito haujashuka, lakini sikungoja: kikopo kimekwenda maabara kwa ajili ya kuoteshwa, na picha tunapiga Jumatatu tuilinganishe na ile ya siku aliyomaliza dawa.