Mbwa anainua miguu kwenye theluji: ni baridi au ni chumvi?

SWALI: Daktari, naishi Minneapolis, Marekani. Nina mbwa chotara wa nywele fupi, kilo 12, na paka mmoja. Siku hizi mbwa akitembea dakika tano tu anainua mguu huu, mara ule, kisha anakaa kitako na kugoma. Sweta nimemnunulia, haijasaidia kitu. Wiki ijayo tumetabiriwa nyuzi 28 chini ya sifuri. Mume wangu anasema kwetu Nairobi mbwa hulala nje na hafi, basi tumwekee kibanda gereji. Ila humo gari linavuja maji ya kijani. Tufanyeje?

JIBU: Dada, ulilolitaja mwisho ndilo nitakaloanza nalo. Hayo maji ya kijani ni kulanti ya rejeta, yaani kimiminika cha kupoza injini, na kulanti nyingi hutengenezwa kwa ethilini glaikoli, sumu ambayo ni tamu. Mbwa huilamba bila kushurutishwa. Ikiwa haijachanganywa na maji, dozi ya kumuua mbwa huanzia takriban mililita 4.4 kwa kila kilo ya uzito wake. Kwa wako ni kama mililita 53, hata kikombe cha kahawa ya kijiweni hakijai. Kwa paka ni mililita 1.4 hivi kwa kilo, yaani paka wa kilo 4 anamalizwa na kijiko kimoja cha chai na ziada kidogo. Wala si lazima ainywe. Akiikanyaga kisha akajilamba, imeingia.

Sumu hii ni danganyifu. Ndani ya saa chache mnyama huyumba kama mlevi, hutapika, hunywa maji na kukojoa sana. Kisha mbwa huonekana amepona, nanyi mnashusha pumzi, kumbe figo ndizo zinakufa. Dawa yake, fomepizoli, humwokoa mbwa ikianza ndani ya saa 8 hivi, paka ndani ya saa 3. Kwa hiyo ukishuku tu kwamba ameilamba, mpeleke kliniki ya dharura saa hiyohiyo, usingoje dalili. Dimbwi limwagie ule mchanga wa choo cha paka, ukishafyonza uzoe ufunge mfukoni, usugue sakafu kwa sabuni, na gari liende kwa fundi. Mpaka hapo gereji ni marufuku kwa wote wawili.

Tuje kwenye miguu. Mtoe mbwa kwenye theluji safi ya uani, mahali ambapo hapajamwagwa kitu. Akitembea vizuri huko, basi tatizo ni chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu. Chumvi ya kawaida huanza kushindwa kuyeyusha barafu kwenye nyuzi 9 hivi chini ya sifuri, hivyo baridi ikizidi watu humwaga kloridi ya kalsiamu, ambayo ikikutana na maji hutoa joto na kuunguza ngozi. Sweta inapasha mgongo. Kinachouma kiko chini.

Kabla ya kutoka, mpake mafuta ya mgando chini ya nyayo na katikati ya vidole. Nywele zinazochomoza hapo zikate ziwe sawa na nyayo, maana ndizo zinazoshika vidonge vya barafu. Mkirudi, weka beseni la maji ya vuguvugu mlangoni, chovya kila mguu, kisha ukaushe hadi katikati ya vidole. Usimwache ajilambe kabla, kwani chumvi humtapisha. Viatu vya mbwa ni vizuri kuliko mafuta, lakini visibane: kiatu kikibana damu haifiki vidoleni, na vidole huganda upesi kuliko vikiwa wazi.

Shemeji yangu asinune, lakini usiku wa Julai wa Nairobi haufiki sifuri. Kwa nyuzi 28 chini, mbwa wa nywele fupi analala ndani ya nyumba. Mzolee theluji kipande kidogo cha uani, atoke dakika tatu au nne ajisaidie, arudi. Ni afadhali mara tano fupi kuliko matembezi marefu mamoja. Sweta ikilowa mvue hapohapo, kwa sababu nguo mbichi humnyang'anya joto.

Akitetemeka, mwingize ndani. Akiacha kutetemeka huku amelegea na bado ana baridi, hali imeharibika: kipimajoto cha njia ya haja kubwa kikisoma chini ya 37, mfunike blanketi kavu, na mwelekee kliniki. Kagua ncha za masikio, mkia na vidole. Ngozi iliyoganda huwa ya kijivu au nyeupe, baridi, ngumu. Usiisugue wala kuipulizia kikausha nywele. Haina hisia, itaungua bila yeye kulia. Iloweke kwenye maji ambayo kiwiko chako kinayaona vuguvugu, na usianze kama kuna uwezekano wa kuganda tena njiani. Weusi unaweza kujitokeza siku kadhaa baadaye, kwa hiyo hata ikionekana imerudi, aonwe na daktari.

Na paka akizoea kutoka, piga boneti kwa kiganja kabla ya kuwasha gari. Hupanda kuifuata injini yenye joto.