Kirikuu changu kimekwaruza Harrier ya jirani

Swali

Shikamoo Mama. Mimi ni kijana wa Kibosho, nina Kirikuu cha bluu ninachobebea ndizi kupeleka soko la Mbuyuni. Wiki moja kabla ya Krismasi, saa kumi na moja alfajiri, nilikuwa nashuka na mzigo. Barabara zetu unazijua, upande huu mfongo, yaani mfereji wa maji, upande wa pili migomba ya watu. Kwa mzee jirani yetu kulikuwa na ubatizo, magari yamejaa mpaka nje ya geti, na Harrier nyeupe ya kijana wake anayefanya kazi Arusha ilikuwa imeegeshwa, nusu iko barabarani. Nikajibana nisiingie kwenye mfongo, kona ya bodi ya Kirikuu ikakwaruza mlango wake wa nyuma mpaka kwenye madgadi. Sikukimbia. Nilizima gari, nikagonga geti, nikamwamsha mwenyewe.

Siku ile tuliongea vizuri, akaniambia nipeleke kwanza mzigo wangu. Baada ya siku 3 akaniletea karatasi ya gereji ya Arusha: 950,000. Humo kuna mlango wa nyuma, madgadi, mlango wa mbele na bampa ya mbele. Bampa ya mbele sikuigusa! Fundi wa huku kwetu anasema kwa 120,000 anamaliza kazi yote, nyeupe ni nyeupe. Nilipomweleza hivyo akanijibu kwamba mimi sijawahi kuendesha gari la maana. Tangu hapo hatusalimiani. Mzee wake, ambaye mpaka wetu na wake ni mstari wa masale tu, amemkataza mama yangu kuchota maji kwenye bomba lao. Juzi nimepokea ujumbe kwamba nitapelekwa polisi kwa kosa la kuharibu mali.

Mama anataka tupeleke isale, lile jani la kuombea radhi, yaishe. Mimi naogopa nikipeleka isale nitakuwa nimekubali ile 950,000. Bima ya Kirikuu ninayo, ile ndogo, haijaisha. Nifanye nini?

J., Kibosho

Jibu

Marahaba, mwanangu. Nianze na mama yako, maana yeye ndiye anayebeba ndoo kwa jambo ambalo hakulifanya. Isale lipelekwe, na lisisubiri hesabu za gereji. Kwetu Uchagani mtu akiletewa isale hawezi kukufungia mlango. Wazee hawakulipanda mpakani na makaburini kwa kupamba. Lakini isale linaomba radhi, halinunui rangi. Nimekaa baraza la kata na nimeona watu wakileta isale huku mfukoni hawana nia ya kutoa hata shilingi, wanategemea mwenzao aone haya kudai. Huko ni kumdhulumu mtu kwa kutumia heshima ya wazee, na huwa inaniuma kila ninapoikuta.

Kwa hiyo mama yako amtafute mzee mmoja wa ukoo wenu, aende kwa mzee mwenzake, si kwa kijana. Aseme maneno machache na yanayoeleweka: "Mtoto wetu amekwaruza mlango wa nyuma na madgadi. Tumekuja kuomba radhi, na hivyo viwili tutavitengeneza. Bei tuitazame pamoja, gari likiwepo." Hapo umekiri ulichokifanya, na hakuna atakayesema umekubali 950,000. Na suala la bomba limalizwe hapohapo, kabla wazee hawajaaga. Watu wazima hawanyimani maji kwa ajili ya rangi ya gari.

Sasa tuje kwenye gari lenyewe. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu nimeuza rangi za magari mjini Moshi kwa miaka mingi na ugomvi wa aina hii umepita sana kaunta kwangu. Mmoja anakuja na karatasi ya gereji, mwingine anakuja na maneno ya fundi wake, na gari limeachwa nyumbani.

Fundi wako amekosea aliposema nyeupe ni nyeupe. Mwambie kijana wa mzee afungue boneti au mlango, mtafute kile kibati kidogo chenye maelezo ya gari. Humo kuna kodi ya rangi, yaani namba inayoitambulisha. Ukikuta 040, hiyo ni nyeupe ya kawaida ya Toyota, rangi moja isiyo na lulu, haina makuu. Lakini Harrier nyingi nyeupe ni 070, nyeupe ya lulu. Hiyo inapigwa kwa tabaka 3: kwanza nyeupe ya chini, halafu tabaka jembamba lenye lulu, halafu klia, ile ya juu isiyo na rangi. Lulu ikizidi mkono mmoja tu, mlango unakuwa na umanjano; ikipungua unapauka. Fundi akipiga 040 kwenye gari la 070, kivulini itapendeza, ila likitoka juani ule mlango utaonekana kama jino la bandia. Na mwenye gari atakuwa na haki ya kurudi kwako.

Hii ndiyo sababu pia mlango wa mbele umo kwenye karatasi yake. Rangi ya lulu haikatwi pale mlango unapoishia. Fundi mzuri huitandaza kidogo kwenye mlango wa jirani, akiipunguza polepole mpaka ipotee, kisha anafunika mlango wote kwa klia ili jicho lisione mwanzo wala mwisho. Kwa hiyo usikasirikie mlango wa mbele. Unachotakiwa kuuliza ni kama wameandika kuutandazia rangi tu, au kuupiga upya wote kuanzia msasa. Bei zake haziwezi kulingana.

Bampa ya mbele ni jambo jingine, na hapo nina wasiwasi kama wako. Jumamosi akishuka kutoka Arusha, omba mkutane mchana, Kirikuu chako kikiwepo. Uwe na futi ya fundi. Pima kutoka chini mpaka kwenye ile kona ya bodi iliyogusa, kisha pima mkwaruzo wa mlangoni. Vipimo vitalingana, au vitakaribiana sana kwa sababu ulikuwa na mzigo na springi zilishuka. Halafu pima mkwaruzo wa kwenye bampa. Uangalie na rangi: mlangoni lazima kutakuwa na michirizi ya bluu kutoka kwako. Kwenye bampa kuna nini? Ukikuta unga wa kijivu, hiyo ni saruji, amegusa nguzo au ukingo wa barabara. Ukikuta vumbi na nta ya kuoshea vimejaa ndani ya mchoro, mkwaruzo huo una umri. Usimwambie kuwa ni mwongo. Mwachie ashike futi yeye mwenyewe, asome namba yeye mwenyewe. Huenda hata hakuijua, gereji iliona mkwaruzo ikauorodhesha.

Kabla hamjaita fundi yeyote, chukueni kitambaa safi na kompaundi kidogo, ile dawa ya kung'arishia rangi, msugue ile bluu taratibu. Sehemu kubwa ya mnayoyaona kama majeraha huwa ni rangi ya Kirikuu iliyobaki juu ya klia, na hutoka. Kinachobaki mkipitishie ukucha. Ukucha ukiteleza, inawezekana kazi ikaishia kwenye kung'arisha. Ukucha ukinasa, klia imekatika, hapo ni kupiga rangi. Na mkiona bati limeng'aa au limeanza wekundu, basi msichelewe, kwa sababu kutu haisubiri wazee wamalize kikao.

Baada ya hapo mtafuteni fundi mmoja ambaye nyote wawili hamna undugu naye. Anaweza kuwa wa Moshi au Arusha, hilo sioni kama ni la kugombania. Mwambieni achanganye rangi kwa kodi ile, apige kwenye kibati cha majaribio tabaka zote 3, kikauke, kisha akishike kando ya mlango, nje, juani. Fundi anayekataa jaribio hilo kwa gari la lulu, ondokeni. Pesa umlipe fundi, si mwenye gari: sehemu wakati wa kununua rangi, iliyobaki gari likishatoka na nyote mkaliona. Na kwa kuwa yeye hutegemea gari hilo kwenda kazini Arusha, muulize nauli ya siku ambazo litakuwa gereji. Kijana mwingine angengoja adaiwe. Ukianza wewe kulitaja, nusu ya hasira yake imekwisha.

Kuhusu gari kuwa nusu barabarani: liseme mara moja, kwa sauti ya kawaida, wakati wa kuzungumza bei. Lina uzito wake na linaweza kupunguza kidogo mzigo wako. Lakini lilikuwa limesimama na wewe ndiye uliyekuwa unatembea. Usilifanye ngao.

Polisi wasikutie homa. Kuharibu mali kunakoadhibiwa na Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, ni kule kwa makusudi. Mtu aliyejibana kukwepa mfongo, akazima gari na kugonga geti, hakufanya makusudi, na aliyeamshwa analijua hilo. Hata hivyo hiyo ni ajali ya gari, na ana haki ya kwenda kuiripoti kama ajali. Anaweza pia kukudai fidia mahakamani. Kwa madai ya namna hiyo Sheria ya Ukomo wa Muda inampa miaka 3. Kwa hiyo usidhani ukinyamaza mpaka Pasaka litakufa lenyewe.

Bima yako ndogo isome leo. Hiyo hailipi Kirikuu chako. Ipo kwa ajili ya mtu mwingine unayemsababishia hasara, na kwa kawaida gari lake limo. Angalia mambo mawili kwenye hati: kiwango cha juu cha kulipia mali ya mtu mwingine, na muda wa kutoa taarifa. Umeshachelewa kwa wiki kadhaa, kwa hiyo piga simu asubuhi, usingoje Jumatatu. Watataka taarifa ya polisi, na hapo utaona kwamba kituo cha polisi kinaweza kukusaidia wewe kuliko yeye. Ila ukichagua njia ya bima, usisaini ahadi yoyote ya kulipa kabla hujazungumza nao, maana mikataba mingi ya bima inakataza mteja kukubali deni bila wao kujua. Mzee atakayepeleka isale naye aambiwe hivyo, aombe radhi na aishie kwenye "tutahakikisha gari linatengenezwa". Ikionekana kazi yote ni ndogo baada ya ile kompaundi, ningekuwa wewe ningelipa mwenyewe na kuiacha bima ipumzike.

Mkishakubaliana, andikeni. Nasisitiza hili hata kama mmekunywa mbege pamoja na mmecheka. Karatasi moja, nakala mbili: tarehe, namba za magari yote mawili, sehemu zinazotengenezwa kwa majina yake, jina la fundi, kiasi na siku za kulipa, na sentensi inayosema kwamba kazi ikikamilika hakuna madai mengine kuhusu tukio hilo. Bampa kama haimo, iandikwe kwamba haimo. Sainini mbele ya mwenyekiti wa kitongoji na shahidi mmoja wa kila upande. Karatasi hiyo ni mkataba, na mkataba unadaiwa mpaka miaka 6, kwa hiyo inamlinda na yeye pia. Asipotaka kukaa mezani hata baada ya isale, nenda baraza la kata. Sheria iliyoyaunda mwaka 1985 iliyapa kazi ya kusuluhisha kwanza, na huko hutahitaji wakili.

Na lile neno la kwamba hujawahi kuendesha gari la maana, mwachie mzee wake. Kirikuu kinachoshusha ndizi Mbuyuni kila alfajiri ni gari la maana, na mzee wa Kibosho hahitaji kuelezwa hilo.

Swali

Habari za kazi Mama. Tunakaa nyumba ya kupanga Sakina, Arusha. Mwanangu wa miaka 8 ameandika jina lake kwa msumari kwenye mlango wa gari la mpangaji mwenzetu, IST ya rangi ya fedha. Mwenye gari anataka mtoto apelekwe kituoni alale ndani usiku mmoja aogope. Tumekubali kulipa, lakini hilo la kituoni ameling'ang'ania.

Mama wa Sakina

Jibu

Hapana, dada yangu, na usiyumbe hata kidogo. Kwa Kanuni ya Adhabu, mtoto aliye chini ya miaka 10 hawajibiki kwa kosa la jinai. Mwambie mwenye gari kwa upole: gharama ni yako wewe mzazi, yote, na mtoto hataguswa. Akiendelea kung'ang'ania, mwite mwenye nyumba na mwenyekiti wa mtaa wakae nanyi.

Mtoto aende mwenyewe kuomba radhi, wewe ukiwa nyuma yake, na aseme kwa mdomo wake alichokifanya. Asipigwe mbele ya watu.

Kuhusu mlango, msumari ukiwa umefika kwenye bati, kompaundi haitasaidia. Fundi asugue herufi hizo, aweke praima leoleo hata kama pesa ya rangi haijatimia, kwa sababu masika yanakuja na maji yataingia humo. Na rangi ya fedha ina chembe za alumini ndani yake, hairudishwi kwa kubandika kiraka. Mlango upigwe wote, na kodi isomwe kwenye kibati cha gari, isikisiwe kwa macho.