Shangazi, nimuitikie jina mpaka lini?

*Shikamoo Shangazi. Niko kidato cha tatu, shule ya bweni ya wasichana. Mimi na rafiki yangu tunalala dabodeka moja tangu kidato cha kwanza, mimi chini, yeye juu. Matroni wetu ni mkali mno. Barua zetu anazifungua, na mmoja akicheka taa zikishazimwa, bweni zima tunapiga magoti. Tangu Machi rafiki yangu anapenya fensi usiku kwenda kuonana na kijana wa bodaboda. Mimi napanga nguo chini ya blanketi lake, na majina yakiitwa namuitikia. Nimechoka, naogopa. Nikisema atafukuzwa, na mimi nitaitwa msaliti. Nifanyeje? – Wa Kitanda cha Chini*

Marahaba, mwanangu.

Nami nimesoma bweni. Tulificha mihogo ya kukaanga kwenye ndoo za kufulia, tukasomeana barua za wavulana kwa tochi chini ya shuka, na mwenzetu aliyetutaja hatukumsemesha muhula mzima. Kwa hiyo sikulaumu kwa kunyamaza. Mahali ambapo hata barua ya mama inafunguliwa na mtu mwingine, siri ya rafiki ndiyo mali pekee mnayobaki nayo.

Lakini hii si siri ya mihogo. Umemwita "kijana". Mtu anayepeleka hesabu ya pikipiki kwa tajiri kila jioni si mwanafunzi mwenzenu. Rafiki yako akiwa chini ya miaka 18, sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 hapa Tanzania haijali kama alikubali, hata aape kwamba anampenda. Na tangu 2016 Sheria ya Elimu inamfunga miaka 30 anayempa mwanafunzi mimba. Mwanamume anayemngoja mtoto wa shule gizani nyuma ya fensi, mimi simwamini hata kidogo.

Kinachoniogopesha zaidi ni hilo jina unaloitikia. Usiku atakaoanguka na pikipiki, au kufanyiwa ubaya, daftari litasema yuko kitandani. Hakuna atakayetoka kumtafuta mpaka alfajiri, kwa sababu wewe umesema yupo.

Basi acha kuitikia. Ila mwambie yeye kwanza, mchana, asije akashtukizwa. Mwambie hivi: "Sitakutaja kwa mtu leo, lakini kuanzia leo siitikii jina lako, na ukitoka tena nitakwenda kwa mwalimu wa malezi." Kisha ulitimize. Usiende kwa matroni kama unajua ataanza na fimbo na matusi. Tafuta mwalimu mnayemwamini, au mama yake siku ya kutembelewa. Likizo, mkiwa na simu, namba 116 ya huduma kwa mtoto hailipiwi, na yeye mwenyewe anaweza kupiga.

Kuhusu kufukuzwa: mkuu wa shule anaweza kumsimamisha, lakini kumfukuza moja kwa moja ni suala la kupelekwa kwenye bodi ya shule. Na tangu mwishoni mwa 2021 hata msichana aliyejifungua anaruhusiwa kurudi darasani. Mlango haufungwi upesi kama mnavyotishwa.

Na nyinyi matroni mnaosoma hapa, niwasihi. Huyu binti hakuvuka waya kwa sababu ya ukorofi tu. Huenda yule wa bodaboda ndiye mtu pekee aliyemuuliza siku yake imekwendaje. Magoti ya bweni zima hayajamzuia hata usiku mmoja. Yamewafunza tu wenzake kumfichia.

Atakununia, mwanangu, pengine atahama kitanda. Yule mwenzetu wa mihogo nilikuja kumwomba radhi wote tukiwa na watoto, akaniambia kilichomuuma si adhabu, ni kula peke yake. Kwa hiyo hata akikununia, wewe mwekee nafasi mezani.

Ongea naye Jumamosi mkianika nguo, mkiwa wawili tu kwenye kamba, kabla jioni haijaingia.