Filo na vya kutia ndani: majibu kwa wasomaji

Maswali ya filo, zile karatasi nyembamba za unga, yamekuwa mengi, hasa kutoka kwa walioikuta imeganda kwenye friza za maduka ya mjini wakaichukua bila kujua waitie nini. Nimechagua yanayohusu vya ndani, vya chumvi na vitamu.

Bi, hii filo si manda zetu hizi hizi za sambusa? (Mama wa Wete)

Ni ndugu, lakini kila mmoja na tabia yake. Manda unasukuma, unapakaa mafuta na unga, unabebanisha, unapitisha chumani zikaiva nusu, ndipo unazibandua. Filo ni unga mbichi uliotandazwa mwembamba hadi ukiuweka juu ya gazeti unasoma maandishi. Manda inastahimili mikono na karai la mafuta. Filo inataka oveni, na samli ipite kila karatasi. Samli ndiyo inayozitenganisha, na maji kidogo yaliyomo kwenye unga yakigeuka mvuke yanazinyanyua moja moja. Siagi pia inafaa, ila ina maji asilimia 16 hivi na ule utando wake wa maziwa unaungua ukaacha madoa meusi. Mie nakwambia tumia samli.

Nikiifungua tu inakatika vipande vipande. (Msomaji, Mkoani)

Unaiharakisha. Itoe friza usiku uiache ndani ya friji mpaka asubuhi, kisha ikae nje saa moja au mbili ingali imefungwa. Ukishaifungua, funika kwa nailoni na juu yake kitambaa kibichi kilichokamuliwa, toa karatasi moja moja. Na vya ndani viwe tayari vimeshapoa kabla hujagusa paketi.

Nimetia nyama ya kusaga vile vile ninavyofanya sambusa, lakini chini pamelowa kama uji. Nimekosea wapi? (Mke wa nyumbani, Chake Chake)

Kitunguu. Kwenye sambusa tunatia kitunguu kibichi mwisho, moto ukishazimwa, na hakina neno kwa sababu sambusa inakaa kwenye mafuta dakika chache tu. Filo inakaa ndani ya oveni dakika 25 hadi 35. Muda wote huo kitunguu kinatoa maji, na maji hayo hayana pa kwenda ila kwenye karatasi za chini.

Basi fanya hivi. Nyama itie thomu, tangawizi, chumvi na ndimu, iive kwa maji yake yenyewe mpaka yakauke. Kitunguu kikaange pembeni hadi kianze kubadilika rangi, ndipo ukichanganye. Tia uzile, pilipili manga, mdalasini kidogo. Sasa buruza mwiko katikati ya sufuria: ile njia ikibaki wazi, bila mafuta wala maji kurudi kuiziba, mjazo umekauka. Ikijifunga, rudisha motoni. Kotimiri ikatwe ikiwa kavu, si ile iliyotoka kuoshwa sasa hivi inachuruzika.

Halafu uache upoe kabisa. Mjazo wa moto unayeyusha samli na kuichemsha filo kabla haijaiona oveni. Panga karatasi sita hadi nane chini, mjazo, sita juu, na treya ikae chini kwenye oveni, moto wa 180°C, ili kitako kikauke. Tungule usitie. Najua mtanipinga.

Wagiriki wanatia spinachi na jibini la feta. Hiyo feta bei yake haishikiki. Mchicha wetu unafaa? (Mwanafunzi, Tunguu)

Unafaa sana. Uchambue, ukate, uugeuze kwenye sufuria bila maji mpaka ulegee, kisha uutie ndani ya kitambaa na uukamue kwa mikono miwili. Fungu kubwa litabaki donge la ukubwa wa ngumi. Ndivyo litakiwavyo.

Jibini lifanye mwenyewe: chemsha lita moja ya maziwa, yakifura zima moto, tia ndimu mpaka yakatike, chuja kwenye kitambaa na uyaning'inize masaa matatu. Feta ina chumvi nyingi na hili lako halina hata chembe, kwa hiyo onja kabla ya kutia yai la kushikanisha. Kitunguu cha majani kinakaa vizuri humo, na pilipili mbuzi nusu, bila mbegu.

Samaki je? (Mvuvi, Nungwi)

Jodari. Mchemshe na ndimu na chumvi, mchambue, mkaange mpaka nyuzi zikauke, tia bizari na kotimiri. Pweza anataka kuchemshwa hadi alainike na kukatwa vidogo mno, vyenginevyo anachana karatasi.

Nataka kufanya baklava ya Idi. Lazima pistachio? (Msomaji, Michenzani)

Si lazima. Pistachio ni mambo ya Gaziantep, Uturuki, na baklava yao ina jina zito hasa: mwaka 2013 Umoja wa Ulaya uliisajili kama bidhaa ya mahali pale. Wagiriki wao wanapenda jozi, yaani walnut. Wewe tia korosho, ila nunua mbichi, si zile zilizokaangwa na chumvi. Zitwange ziwe punje punje. Ukizisaga unga zinashikana zikawa kinyunya. Gramu 400 za korosho, vijiko vitatu vya sukari, kijiko cha chai cha iliki.

Kata vipande kabla ya kuoka, kisu kifike chini kabisa, kwa sababu ikishaiva inavunjika ovyo na shira haitapata njia. Shira ni hii hii ya kaimati: sukari vikombe viwili, maji kikombe kimoja, ichemke dakika 10, na kijiko cha maji ya ndimu ili sukari isirudi kuganda. Iache ipoe. Baklava ikitoka oveni, mwagia shira baridi papo hapo, utasikia inavyolia. Vyote viwili vikiwa vya moto, umepika uji. Na usiifunike mpaka ipoe.

Sisi Pemba karafuu tunazo. Zinaingia kwenye vitamu hivi? (Msomaji, Konde)

Zinaingia, kwa adabu. Wagiriki wengi huchomeka chembe moja nzima juu ya kila kipande cha baklava. Mie nazitia mbili au tatu kwenye shira inapochemka, kisha nazitoa. Za unga usichanganye na korosho, ulimi utakufa ganzi na usisikie kitu kingine.

Nazi, tende, halua: ipi bora ndani ya filo? (Msomaji, Fuoni)

Nazi iliyokunwa, isikamuliwe tui. Ipike na sukari na iliki moto mdogo mpaka iachane na sufuria, zungusha visigara. Chicha haina maana, imeshatoa utamu wote. Tende zipondwe na samli na ufuta. Halua iache ilipo, uile na kahawa chungu.

Naweza kuchanganya tamu na chumvi? (Msomaji, Jang'ombe)

Wamoroko wanafanya, kwenye bstilla: kuku au njiwa, mayai, lozi, na juu sukari ya unga na mdalasini. Wao wana karatasi zao, warka, lakini filo inakubali. Anayekula biriani yenye zabibu asishangae.

Sina oveni. (Wengi)

Palia. Sufuria nzito, treya ndogo ndani juu ya vijiwe, mkaa kidogo chini na mwingi juu ya mfuniko, kama mkate wa kumimina. Mfuniko ukiwa wa moto hautoi jasho la kudondokea chakula. Chungulia kila dakika 10.

Nikitaka kuviweka friza kwa ajili ya futari? (Mama wa watoto, Mwanakwerekwe)

Vigandishe vibichi, vimeshapakwa samli, vikiwa havigusani. Siku ya kuoka visiyeyuke kwanza, vitoke friza viingie motoni, ongeza dakika tano au zaidi. Umeme ukikatika vikalainika, vioke siku hiyo hiyo hata kama bado saa sita mchana. Usivirudishe friza.