Mtazame Asipopiga

Mpe kijana anayejifunza kinanda simu yenye bando, mwambie atafute koncheto, na atakuletea dakika mbili za mwisho. Vidole vinakimbia, nywele zinaruka, ukumbi mzima umesimama unapiga makofi. Ataitazama mpaka aikariri, halafu Jumapili kwenye wimbo wa matoleo atakimbiza kwaya mpaka bezi waachwe mstari mzima nyuma.

Nafundisha kinanda na nota kwenye parokia moja upande wa Nyakato, na filamu hizi za wapiga solo vijana zimekuwa msaidizi wangu kwa muda mrefu sasa. Okestra kamili, ya watu sabini au themanini, wengi wetu hapa Mwanza tutaiona kwenye kioo tu. Sina ugomvi na kioo. Ninachogombana nacho ni namna tunavyokitazama.

Koncheto ni kazi ndefu, mara nyingi ya sehemu tatu, mtu mmoja anapiga mbele na okestra nzima iko nyuma yake. Basi macho yote yanamwendea huyo mmoja, na kamera nayo haimwachi: vidole, jasho, uso, vidole tena. Mimi nawaambia vijana wangu kinyume chake. Mtazame zaidi pale ambapo hapigi, au anapopiga kidogo chini ya mwingine. Hiyo ndiyo kazi ambayo wewe, mpiga kinanda wa kwaya, utaihitaji kesho misa ya kwanza.

Anza na Yunchan Lim, kijana wa Korea Kusini. Juni 2022, akiwa na miaka 18, alishinda mashindano ya piano ya Van Cliburn kule Fort Worth, Texas, na hakuna aliyewahi kuyashinda akiwa mdogo kuliko yeye. Dunia inamjua kwa koncheto ya tatu ya Rachmaninoff, mtunzi Mrusi, nitafika huko. Lakini kwenye fainali zile zile alipiga pia koncheto ya tatu ya Beethoven, na mimi naanzia hapo. Okestra inaanza bila yeye, inakwenda dakika tatu na zaidi, na piano haijatoa nota hata moja. Vijana hapa huanza kuvuta kile kimstari cha chini ili wafike kwenye piano. Nawakataza. Dakika hizo tatu nataka waniambie: anatazama wapi? Mikono iko wapi? Fidla zikipanda, anapanda nazo au amekaa kama mgeni?

Kisha anaingia, na anaingia na skeli. Skeli tatu za C maina, zinapanda, mikono yote miwili. Hizo hizo ambazo mwanafunzi wangu akiambiwa apige ananuna. Zina uzito kwa sababu ya yote yaliyotangulia. Anayeruka utangulizi anasikia mtu anafanya mazoezi ya asubuhi. Beethoven mwenyewe alipoipiga mara ya kwanza Vienna mwaka 1803, Ignaz von Seyfried, aliyekaa pembeni kumfunulia kurasa, alisimulia baadaye kwamba kurasa karibu zote zilikuwa tupu, vialama vichache tu vya kujikumbusha. Sehemu ya piano ilikuwa kichwani. (Msije mazoezini bila nota mkanitajia Beethoven.)

Sasa Rachmaninoff ya tatu, ya mwaka 1909, dakika 40 na ushei. Inasifika kwa ugumu, na hiyo sifa ndiyo inayowaharibu watu, maana wanaifungua kutafuta ugumu. Mwanzo wake ni wimbo mtulivu, mikono miwili inapiga nota zile zile, oktava moja kutoka mkono hadi mkono. Mtoto wa mwaka wa pili akikaa nao jioni moja anaupata.

Tuliitazama kwenye chumba cha mazoezi, laptopu imeungwa kwenye sabufa ya katekista. Ilipofika kadenza ya sehemu ya kwanza, pale okestra inaponyamaza na mpiga solo anabaki peke yake, wavulana wote walikuwa wamesimama. Ikapanda, ikapasuka, ikatulia. Ndipo ikaingia filimbi moja, ikafuata obo, klarineti, kisha horni, vyote vyombo vya kupuliza, kila moja na kipande kifupi cha ule wimbo wa mwanzo. Wavulana wakakaa, soga zikaanza; kwao mambo yalikuwa yamekwisha. Binti mmoja wa sauti ya pili, ambaye kinanda ameanza juzijuzi, hakuondoa macho. Akauliza, "Mwalimu, mbona sasa yeye ndiye anaisindikiza filimbi?"

Nikarudisha nyuma. Ndivyo ilivyo. Mtu aliyekuwa anaitikisa piano nzima muda mfupi uliopita sasa anaweka nota laini chini ya filimbi, anaipisha, anaisubiri ivute pumzi. Marin Alsop, aliyekuwa anaiongoza okestra, ana kazi nyepesi hapo kwa sababu kijana anasikiliza. Kama bando lako linatosha kipande kimoja tu, tazama hicho, kisha ujiulize mara ya mwisho lini ulimsubiri mwimba shairi wa zaburi avute pumzi.

Wenzangu wa Kisesa hawahitaji maelezo marefu. Wameona Bagika na Bagalu, makundi mawili ya ngoma ya Wasukuma, wanavyoshindana Bujora wakati wa sherehe ya Bulabo. Manju asiyewasikiliza waitikiaji wake, hata awe na sauti ya namna gani, watu wanahamia ngoma ya pili.

Kwa anayeona piano haimhusu yuko Sheku Kanneh-Mason wa Nottingham, Uingereza, mpiga chelo, ile fidla kubwa inayopigwa umekaa. Mwaka 2016, akiwa na miaka 17, alishinda mashindano ya BBC ya wanamuziki vijana kwa koncheto ya kwanza ya chelo ya Shostakovich, mtunzi mwingine Mrusi, na akawa mtu mweusi wa kwanza kuyashinda tangu yaanze mwaka 1978. Wengi mmemwona bila kumjua jina: ndiye kijana wa chelo kwenye harusi ya Prince Harry na Meghan, Mei 2018. Hiyo koncheto ya Shostakovich inakwenda kinyume na ile ya Beethoven. Hakuna kusubiri, chelo ndiyo inayofungua, nota nne kavu. Na katika okestra yote Shostakovich aliweka chombo kimoja tu cha shaba, horni, ambayo inajibizana na chelo tangu mwanzo. Wapiga matarumbeta, hii ni yenu. Fuateni horni mwanzo hadi mwisho, msahau kidogo nani ameshinda.

Mambo ya simu sasa. Spika ya simu haina bezi, kwa hiyo nusu ya okestra inapotea na unabaki na mpiga solo peke yake, yaani umerudi kule kule. Spika za masikioni za waya, hata zile za bei ya chini za Makoroboi, ni nafuu kuliko simu iliyo uchi. Sabufa ni bora zaidi, ila punguza bezi, isije ikageuza kontrabasi kuwa singeli. Picha ishushe tu. Picha kali ndiyo inayokula bando, na wewe umekuja kusikiliza. Pakua usiku. Ukitaka kuona vidole vimepita wapi, YouTube inakuruhusu kupunguza mwendo hadi nusu bila kushusha ki, yaani nota hazizami, lakini fanya hivyo ukiwa umeshaitazama yote kwa mwendo wake. Nota za zile za Beethoven na Rachmaninoff zipo bure IMSLP, maktaba ya nota mtandaoni, kama unavyochukua za kwaya kwenye tovuti ya Swahili Music Notes. Usiogope wingi wa mistari: shika mstari wa piano na mmoja mwingine, filimbi kwa mfano, mingine iache.

Wazazi nao nina neno nao. Filamu hizi si za kumwonyesha mtoto na kumwambia, "Mwenzako huyu ana miaka 18, wewe je?" Nimewaona watoto wawili watatu wakiacha kinanda kwa maneno hayo hayo. Lim alianza piano akiwa na miaka 7, Sheku alishika chelo akiwa na 6, na tangu hapo wamekuwa na walimu na chombo cha kupigia kila siku. Sheku alisoma shule ya kawaida ya serikali, lakini Jumamosi alikuwa anasafiri hadi London kusoma Royal Academy of Music. Mtoto wako kinanda anakikuta kanisani, tena anakigombea na wenzake, umeme ukiwepo. Kama filamu imemwasha moto, mnunulie kinanda cha mtumba hata cha oktava nne, kikae nyumbani. Kama huna uwezo huo bado, kaa naye mtazame pamoja, umuulize nani anapiga sasa hivi. Mama mmoja wa Igoma ambaye nota hajui hata moja sasa anamtambua obo kabla ya mwanawe, na mwanawe hapendi.

Jumamosi hii tunaanza na ile ya Beethoven, saa tisa alasiri, baada ya mazoezi ya kwaya. Anayetaka kuondoka nayo aje na flashi yenye nafasi, maana kurushiana kwa Bluetooth tutakesha. Na yeyote atakayegusa kimstari cha chini kabla piano haijaingia atakaa nje na wauza karanga mpaka sehemu ya pili.